Sauti Inaishia Wapi

Nakanyaga swichi. Taa nyekundu inawaka,
na gita, badala ya kunguruma, linanong'ona,
linarudi nyuma hatua tatu
kama mtu aliyeitwa mbele ya kadamnasi
akasahau alichojia.

Yasna anashusha fimbo zake za ngoma.
"Umeiwasha kweli?"

Valdivia, mwezi wa saba. Mvua haijakatika tangu Jumanne,
inalipiga bati la gereji ya shemeji
kwa sauti kubwa kuliko pedali yangu,
na hilo ndilo lililonikera.

Usiku kumi na moja niliiunda,
nikitoka zamu ya kuchomelea meli kule mtoni.
Mikono hii imezoea mishono ya mita sita,
chuma kinene, cheche hadi viatuni;
humu nilishona vitu vidogo kama punje za mchele,
pumzi nimeibana,
pasi ya kulehemu nimeishika kama kalamu ya mtihani.

Basi nikaanza kutafuta.
Nikailamba betri: ulimi ukaruka. Ni nzima.
Kifundo cha sauti nikakizungusha mpaka kikagoma.
Nikabadili waya, nikabadili waya tena,
nikazisoma rezista pete kwa pete,
kahawia, nyeusi, njano,
lakini chini ya balbu ya gereji
nyekundu na chungwa ni mapacha,
kwa hiyo nikazipima moja moja. Hazina kosa.
Lehemu nikaiyeyusha upya, pointi zote thelathini na nne,
mimi, ambaye mishono yangu hupigwa eksirei
kabla meli haijaonja maji!
Nikakanyaga.
Mnong'ono uleule.

Don Eleuterio, fundi redio mstaafu wa nyumba ya pili,
alikuja na waya, kapasita moja na sindano ya kushonea.
"Wewe unakisia," alisema, "na mwenye kukisia hulipa mara mbili.
Ifuate. Anza inapoingia, nenda nayo
mpaka ikuache."

Yasna akawa anakwangua uzi mmoja, ule mnene,
dung, dung, dung,
nami nagusa kwa ncha ya sindano,
sikio kwenye spika.
Mlangoni: ipo.
Nyuma ya kapasita ya kwanza: ipo.
Mguu wa kati wa transista: ipo, inasubiri kukuzwa.
Mguu wa tatu, ambapo ingepaswa kutoka ikipayuka:
hafifu.
Nikagusa tena. Hafifu.

Transista yangu ilitoka kwenye redio kuukuu ya Kijerumani;
mchoro nilioufuata ulichorewa ndugu yake wa ng'ambo.
Uso mmoja, mgongo mmoja wa nusu mwezi,
ila miguu imepangwa kinyume:
pa kutolea nimeingiza, pa kupokelea nimetoa.
Na ukiigeuza hivyo haifi. Ndiyo hila yake.
Inafanya kazi kidogo, kwa adabu,
siku nenda siku rudi, bila kulalamika,
na taa inawaka.
Nikamkumbuka kaka yangu Ulises na meza yake ya benki,
kisha nikamsahau makusudi.
Sikuhitaji fumbo. Nilihitaji kelele.

Nikaing'oa, nikaigeuza, nikailehemu.
Dakika mbili, na moja ilikuwa ya kupuliza vidole.

Kishindo!
Kopo la misumari likatembea rafuni,
mvua ikafa, au tuliacha kuisikia,
Yasna akacheka mdomo wazi, kicheko sikukisikia,
na shemeji akaja kugonga ukuta kwa ngumi:
"Punguzeni!"

Tukapunguza.
Ndipo nikausikia, chini ya yote, mvumo mwembamba
kama nzi ndani ya chupa.
Don Eleuterio alikuwa ameshavaa koti.
Akaniachia sindano.